Refa akikosa na akiri, nasi tusimwadhibu kwa ukweli wake

Wahenga walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Maana ya methali hiyo si kwamba muungwana havuliwi nguo; la hasha. Maana yake ni kwamba aibu inapomfika, hasimami wima mbele za watu akidai kuwa amevaa kanzu. Huwa naikumbuka methali hiyo kila ninaposikia mabishano kuhusu marefa na maafisa wengine wa michezo hapa nchini, kwa sababu wengi wao, wanapovuliwa nguo na makosa yao wenyewe, hawachutami. Husimama wima, wakatutazama machoni, wakatuuliza ni nani huyo athubutuye kusema kwamba wako uchi.

Leo ningependa kulizungumza jambo hili kwa kuanzia mahali ambapo kurasa za michezo hazifiki mara nyingi, nako ni Garissa, mji ulio ukingoni mwa mto Tana, ambako jua la mchana humfanya hata mbuzi atafute kivuli, na ambako mpira hauanzi mpaka watu wametoka kuswali alasiri.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu walioketi kwenye meza ya kamati katika mechi ya mwisho ya mashindano ya mitaa mjini humo. Timu mbili zilizofika fainali zilitoka katika bula mbili jirani, na kila anayeijua Garissa anajua kwamba bula haiji uwanjani peke yake. Huja na wazee wake, na vijana wake, na pia na kumbukumbu zake. Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuandika mabao na kadi katika daftari. Refa alikuwa mwalimu wa shule, mtu mpole, mkali wa kipenga, ambaye wachezaji hawakumwita kwa jina bali walimwita Mwalimu tu.

Zilikuwa zimesalia dakika chache, na hakuna aliyekuwa amefunga. Mshambuliaji mmoja akaupiga mpira kutoka upande wa kulia, ukapita nje ya mlingoti, na kwa kuwa wavu ulikuwa umetoboka ubavuni, tundu la kutosha kupitisha kichwa cha mbuzi, mpira ukaingia kwa tundu hilo na kutulia ndani ya wavu. Refa alikuwa mbali. Mshika kibendera alikuwa amelikabili jua lililokuwa likishuka, naye hakuinua kitu. Refa aliona mpira umetulia ndani, akapuliza, akanyosha mkono katikati ya uwanja. Bao. Nusu ya uwanja ikalipuka kwa shangwe, nusu ya pili kwa ghadhabu. Mpira ukaanzwa upya, na muda si muda kipenga cha mwisho kikalia.

Mimi niliona. Meza yetu ilikuwa upande ule ule, hatua zisizozidi thelathini kutoka mlingoti. Nilikuwa na kalamu mkononi, na mkono wangu uliandika moja kwa bila.

Watu wakiwa bado wanasukumana, kipa wa timu iliyofungwa alimshika refa mkono na kumpeleka golini. Mwalimu akaingiza mkono wake katika lile tundu, ukapita hadi kwapani. Kisha akaja kwenye meza yetu, akatuuliza mmoja mmoja kama tuliuona mpira ulipopita. Tulikuwa watu wanne. Wote wanne tuliitazama meza. Nilipofikiwa mimi, nilisema kwamba sikuona vizuri.

Mwalimu hakutusuta. Aliwaita manahodha wa timu zote mbili pamoja na wazee wa pande zote, akawaambia kwa sauti iliyosikika: "Lile halikuwa bao. Aliyekosea ni mimi. Mpira ulikwisha kuanzwa upya na mechi imekwisha, na sheria hainiruhusu kugeuza. Lakini nitaliandika katika ripoti yangu." Mzee mmoja wa upande ulioshindwa akamsogelea, akamuuliza yale ambayo kila mtu alikuwa akiyawaza: "Mwalimu, ulipewa nini?" Naye akamjibu, "Sikupewa kitu, Mzee. Ningalipewa, nisingalikuja kukwambia."

Pakawa kimya. Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Yule mzee akatikisa kichwa, akawageukia vijana wake na kuwaambia waende wakaswali. Hakuna jiwe lililorushwa jioni ile, na niliyoyaona machoni mwa vijana wale kabla ya Mwalimu kusema yananifanya niamini kwamba, angalinyamaza, yangalirushwa mengi.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini haikuishia hapo. Katika ripoti yake Mwalimu aliandika kosa lake, na akaongeza kwamba alikosa pia kwa kutozikagua nyavu kabla ya mechi, kazi ambayo kwa hakika ni ya refa. Kisha akaandika kwamba nyavu hizo zilikuwa kuukuu na zimetoboka. Sasa ripoti iliyoanza kwa kumshtaki mwandishi wake ikawa inauliza swali jingine: pesa za nyavu mpya ziko wapi? Mashindano yaliyofuata, jina lake halikuwamo katika orodha ya marefa. Bula iliyoonewa siku ile ndiyo iliyotuma watu kumwombea arudishwe. Wakajibiwa kwamba aliiaibisha kamati. Nami nilikuwamo katika kikao kilichotoa jibu hilo, na nikanyamaza kwa mara ya pili.

Msomaji mpendwa, nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna ugonjwa wote tunaoulalamikia. Aghalabu tunasema kwamba marefa wetu hawana uaminifu. Lakini tujiulize: mwaminifu alipopatikana, tulimfanya nini? Yeye aliyesema kweli alifukuzwa. Sisi wanne tulioficha kweli tulibaki mezani. Kijana yeyote aliyekuwa akijifunza kupuliza kipenga mwaka ule alipata somo bora kuliko lolote linaloweza kutolewa katika kozi ya marefa, nalo ni kwamba kukosea si hatari, bali hatari ni kukiri.

Yafaa basi tutenganishe mambo ambayo tumezoea kuyachanganya. Kuna kosa la jicho, kuna kosa la uzembe, na kuna kosa la mkono. Kosa la jicho ni la kila binadamu: mpira una kasi, jua ni kali, mchezaji amekuziba. Kosa la uzembe ni la aliyeweza kujikinga asijikinge, kama yule asiyekagua nyavu, au afisa asiyesoma orodha ya wachezaji mpaka timu yenye mamluki wenye ndevu imekwisha kuwatoa wanafunzi halisi katika michezo ya shule. Kosa la mkono ni la aliyepokea. La kwanza lahitaji kukiri na kufundishwa zaidi. La pili lahitaji adhabu ya kiasi. La tatu lahitaji mlango, na mlango huo ufungwe nyuma ya aliyetolewa. Ole wetu tunapoyahukumu yote matatu kwa kelele moja ya "mwizi! mwizi!", kwa kuwa hapo aliyekosa kwa jicho hana faida yoyote ya kujitenga na aliyekosa kwa mkono. Wote wawili hujificha katika kichaka kimoja.

Sheria za kandanda zenyewe zina hekima juu ya jambo hili. Sheria ya tano inampa refa kauli ya mwisho juu ya yote yanayotokea uwanjani. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamruhusu kuugeuza uamuzi wake akitambua kwamba amekosea, au akishauriwa na wasaidizi wake, mradi mchezo haujaanzwa tena. Mlango wa kurudi upo. Ila ni mwembamba na hufungwa upesi. Ndiyo maana wale wanaomzunguka refa, yaani washika vibendera, maafisa wa mezani, hata na wachezaji, wana deni la kusema kabla mlango haujafungwa. Siku ile Garissa, kati ya bao na kuanzwa upya kwa mpira, zilipita sekunde nyingi za shangwe. Ningaliinuka kitini, zingalitosha.

Tusidhani kwamba haya ni maradhi ya viwanja vya vumbi pekee. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca nchini Mexico, Diego Maradona aliufunga mpira kwa mkono dhidi ya Uingereza katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Refa alikuwa Ali Bennaceur wa Tunisia, na mmoja wa wasaidizi wake alikuwa Bogdan Dochev wa Bulgaria. Uingereza ikatolewa kwa mabao mawili kwa moja. Kilichonisikitisha zaidi katika kisa hicho si mkono wa Maradona, bali ni kwamba kwa miaka mingi baadaye maafisa hao wawili walitupiana lawama, kila mmoja akisema aliyepaswa kuona ni mwenzake. Kosa la sekunde moja likawa mzigo wa umri mzima.

Tulinganishe na Graham Poll, refa Mwingereza, ambaye tarehe 22 Juni 2006, miaka 20 kamili baadaye, huko Stuttgart nchini Ujerumani, alimwonyesha Josip Simunic wa Croatia kadi tatu za njano katika mechi dhidi ya Australia kabla ya kumtoa nje. Kila mtoto anayecheza mpira wa makaratasi anajua kwamba mbili zatosha. Dunia nzima ilimcheka. Poll alisema hadharani kwamba kosa lile lilikuwa lake mwenyewe, akaacha kuchezesha mashindano makubwa ya kimataifa, akaendelea na ligi ya kwao kwa msimu mmoja zaidi kisha akastaafu. Alipoteza fahari, lakini hakuna aliyemwita mwizi.

Fauka ya hayo, tuna mfano wa juzijuzi. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Diaz wa Liverpool alifunga bao halali dhidi ya Tottenham, msaidizi wa refa akasema ameotea. Waamuzi wa video waliona kwamba hakuotea, ila walidhani kwamba uwanjani bao lilikuwa limekubaliwa, wakasema uamuzi ni sahihi. Walipogundua, mpira ulikuwa umekwisha kuanzwa, na mlango ule mwembamba ulikuwa umefungwa. Chama cha waamuzi wa Uingereza kilikiri kosa siku ile ile, na baada ya siku chache kikatoa sauti za mazungumzo yao ili kila mtu asikie. Liverpool haikurudishiwa bao wala pointi. Lakini kila shabiki alisikia kwa masikio yake kwamba lilikuwa vurugu la maneno, wala si hila. Ukweli haukubadilisha matokeo. Ulibadilisha maana yake.

Sasa tazama kosa la mkono linavyohukumiwa pale penye nia. Novemba 12, 2016, refa Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal mjini Polokwane, akidai kwamba Kalidou Koulibaly aliushika mpira, hali mpira ulimgonga gotini. Mwaka 2017 FIFA ilimfungia maisha kwa kuvuruga matokeo, na ikaamuru mechi irudiwe. Ilirudiwa Novemba 10, 2017. Senegal ikashinda mabao mawili kwa bila na kufuzu kwenda Urusi. Hapo hatukuona msamaha, wala haukustahili kuwapo.

Nasi Wakenya tusijitie kwamba hayo ni ya wenzetu. Aden Range Marwa, mwalimu kwa taaluma na mshika kibendera wetu aliyepata sifa barani kote, alikuwa ameteuliwa kwenda kwenye Kombe la Dunia la 2018. Kabla ya mashindano kuanza, uchunguzi wa siri uliotangazwa na BBC ulimwonyesha akipokea dola 600 kutoka kwa mtu ambaye hakujua kuwa ni mpelelezi wa habari. Safari ikafutwa, na mwaka ule ule Shirikisho la Kandanda barani Afrika likamfungia maisha. Dola 600! Ni pesa ambazo katika mnada wa mifugo wa Garissa hazikununulii ngamia mzuri, lakini ziliuza kazi ya miaka mingi.

Na si marefa tu. Katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, wanariadha wetu walileta medali 13, sita kati yake zikiwa za dhahabu, huku maafisa wetu wakileta aibu. Kulikuwa na malalamiko ya sare zilizopotea, ya tiketi zilizokosekana, na ya watu waliosafiri bila kuwa na kazi yoyote huko. Wanariadha walipolalamika, walichopata kwanza ni kukanushwa. Majibu ya kweli yalikuja mahakamani: mwaka 2021 waliokuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, na kiongozi wa msafara, Stephen arap Soi, walitiwa hatiani. Wario alitozwa faini ya shilingi milioni 3.6, na Soi shilingi milioni 105. Ilichukua miaka mitano kupata jibu ambalo mtu mwaminifu angeweza kulitoa uwanja wa ndege.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi nimechagua Garissa, na si Nairobi, kuwa mahali pa kulisemea jambo hili? Ni kwa sababu watu wa iliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, wanaijua kuliko wengi wetu gharama ya afisa asiyekiri. Siwezi kulifananisha bao la uongo na roho ya mtu, na Mungu aniepushe na upuuzi huo. Lakini tabia ni ile ile, inaanza kwa dogo na kukomaa kwa kubwa. Februari 1984, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakateswa na kuuawa na vikosi vya serikali. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilizungumza juu ya idadi inayokaribia watu 1000. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma zote zilizotendwa na serikali zilizotangulia. Miaka 31 ilikuwa imepita. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa mauaji alikuwa amekwisha kuwa mzazi.

Mtu aliyekulia katika historia hiyo, akimwona afisa mwenye kipenga na mamlaka akikana jambo lililoonekana na watu wote, haoni mpira. Anaona sura anayoijua. Na mtu huyo huyo, akimwona afisa akisema "nimekosea," anaona kitu ambacho hajazoea kukiona. Ndiyo maana yule mzee alitikisa kichwa na kuwapeleka vijana wake msikitini.

Isitoshe, eneo hilo lina hazina yake ya kuponya makosa. Mwaka 1993, baada ya mapigano makali ya koo, wazee wa Wajir walitia sahihi Azimio la Al-Fatah, na amani hiyo ilianzia sokoni, kwa wanawake waliochoka kuzika, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuja kutunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Katika utaratibu wa maslaha, wazee wanapoketi chini ya mti, hatua ya kwanza ni kulitaja kosa na mwenye kosa. Fidia huja baadaye, na suluhu huja mwisho. Kosa lisilotajwa halina suluhu. Najua kwamba maslaha nayo yamewahi kutumiwa vibaya, kuwafunika wakosaji wakubwa na kuwanyamazisha wanyonge, wanawake hasa. Basi jambo hilo lenyewe lathibitisha ninalolisema. Suluhu ikitangulia ukweli huwa ni kifuniko, si dawa.

Hata katika mnada wa mifugo adabu hiyo inajulikana. Mwenye kuuza mnyama mwenye kilema anatakiwa amweleze mnunuzi aibu ya mnyama huyo kabla pesa hazijabadili mikono. Akificha, mnunuzi ana haki ya kumrudisha. Kwa nini basi tumtake mfugaji aeleze aibu ya mbuzi, na tusimtake afisa aeleze aibu ya uamuzi?

Kuna hoja mbili zinazotolewa kinyume cha haya, nazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza yasema kwamba refa anayekiri hupoteza heshima, na kwamba leo akikiri moja, kesho ataulizwa kila kipenga. Hoja hii ina chembe ya kweli. Refa hawezi kuendesha mechi kwa kuomba radhi kila dakika. Uwanjani yahitajika kauli moja. Lakini mamlaka ya refa si sawa na kutokosea. Watu hawamtii kwa sababu hakosi. Wanamtii kwa sababu wanaamini kwamba akikosa hakukusudia. Imani hiyo ikivunjika, kipenga kinakuwa filimbi ya mtoto.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba katika viwanja vyetu, refa akikiri kosa mbele ya mashabiki wenye hasira anaweza kupigwa, pengine auawe. Wapo waliokimbizwa kwa mawe, na wapo waliofungiwa vyumbani mpaka polisi wakaja. Sitaki mtu yeyote afanywe shahidi wa ukweli kwa sababu ya mechi ya mtaa. Ndiyo maana nasema ya kwamba wajibu huu si wa refa peke yake. Anayemtaka refa aseme kweli lazima ampe ulinzi wa kuisema: ripoti iandikwe siku ile ile, isomwe kwa timu zote mbili mbele ya wazee siku inayofuata, hasira zikiwa zimepoa, na anayemgusa refa afungiwe bila kujali ni mtoto wa nani.

Mambo mengine hayahitaji fedha nyingi. Nyavu zikaguliwe na refa pamoja na manahodha wote wawili, watie sahihi. Orodha ya wachezaji isomwe kwa sauti kabla ya mashindano, ili mamluki aonekane angali nje. Marefa walipwe kabla ya mechi, si baada yake, na wasilipwe na timu mwenyeji, kwa maana anayengoja nauli kutoka kwa mshindi si mwamuzi bali ni mgeni wake. Kamati iwe na daftari la makosa yaliyokiriwa, na aliyekiri lisihesabiwe dhidi yake isipokuwa analirudia lile lile. Aliyegunduliwa akificha, huyo ndiye aondolewe katika orodha. Mambo haya yakianza katika kata na vijiji, Shirikisho la Kandanda nchini, ambalo lilipata uongozi mpya katika uchaguzi wa Desemba 2024, litakuwa na mahali pa kujifunzia.

Wala tusiseme kwamba vijana wa huko hawawezi kufika mbali kwa kipenga. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizofanyika Côte d'Ivoire mwanzoni mwa mwaka 2024, Omar Abdulkadir Artan, kutoka Somalia jirani, alikuwa refa wa kwanza wa nchi yake kuteuliwa kuchezesha mashindano hayo. Nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa hata na uwanja salama imetoa mwamuzi anayeaminiwa na bara zima. Hapana shaka kwamba Garissa, Wajir na Mandera nazo wamo vijana kama yeye. Swali ni kama tutawafundisha kuona vizuri na kusema walichokiona, au tutawafundisha kuitazama meza.

Mimi niliitazama meza. Nimeandika katika safu hii makosa ya mawaziri na ya mashirikisho, na sijawahi kuliandika langu mpaka leo. Bao lile halikuwa bao. Niliona mpira ukipita nje ya mlingoti, nikaandika moja kwa bila katika daftari, nikamwambia mtu mwaminifu kwamba sikuona vizuri, kisha nikaketi katika kikao kilichomwondoa. Sheria haigeuzi matokeo ya mechi iliyokwisha, na kombe lile huenda limekwisha kuota kutu katika duka fulani huko mjini. Lakini vijana wa bula ile walikwenda nyumbani wakiwa wamedhulumiwa, na Mwalimu alikwenda nyumbani bila kipenga, na wote wanastahili kuusikia ukweli kutoka kwa aliyekuwa na kalamu.